Swali la Nyongeza Hukuliuliza, Mjomba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu, maana hutaitikia, na hata ungekuwa hai sina hakika kama ningeingoja marahaba yako. Arobaini yako imesomwa juzi. Wageni wameondoka, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe, nami nimebaki na daftari langu la kisomo lenye kurasa chache safi. Nimeona nizimalizie kwako.

Nianze na mazuri, usije ukasema mpwa wako hana fadhila. Nilipomaliza darasa la nne, baba alikwisha kumkubalia mtu posa yangu. Ukapata habari huko Mnyuzi, ulikokuwa karani wa shamba la mkonge, ukaja mpaka kwetu Kwemkuyu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Hukugombana na baba. Ulimkumbusha tu kwamba kwetu binti haondoki bila neno la mjomba wake, na neno lako lilikuwa bado. Wiki ile ile tukapanda treni Mnyuzi kwenda Korogwe, safari fupi ambayo mimi niliiona ndefu mno, ukanitafutia nafasi ya shule. Mwalimu mkuu alisema nafasi zimejaa. Ulikaa kwenye benchi la ofisi yake tangu asubuhi hadi alasiri, huna hasira, umevaa kofia yako, mpaka nafasi ikapatikana. Tulipotoka uliniambia, "Mkubwa aulizwe kwa adabu, lakini aulizwe." Nililishika neno hilo mjomba, kumbe mwenye nalo atakuja kulisahau.

Ulipochaguliwa kuwa mbunge, Kwemkuyu nzima ilipiga vigelegele. Mama aliacha kukuita kaka mbele za watu, akawa anakuita Mheshimiwa, na wewe ulikuwa unacheka na kumwambia aache utani. Mimi wakati huo nilikwisha kurudi nyumbani, nimeolewa kwa hiari yangu, nafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Tulikuwa tunajivunia wewe. Nalisema hili wazi ili ujue tulianguka kutoka wapi.

Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Kwemkuyu tulikuwa kaya chache, lakini tulikuwa na chemchemi isiyokauka hata kiangazi kile kinachoua ng'ombe wa Wamasai huko mbugani. Mama ndiye aliyekuwa akiisafisha, kazi aliyoachiwa na bibi. Wazee waligoma kuhama. Viongozi wa wilaya walikuja mara mbili wakarudi mikono mitupu, ndipo wakakutuma wewe.

Hukuja kwa amri, ulikuja kwa undugu. Ulikaa uani kwa mama, ukaeleza kwamba kijiji kipya kitakuwa kando ya barabara, kitapata shule, zahanati na pampu ya maji. Mama aliuliza habari ya maji peke yake. Ukamjibu, "Mdogo wangu, mimi ndiye mjomba wa watoto wako. Nitawapeleka pasipo na maji?" Asubuhi yake mama alibeba mitungi yake akatangulia. Wengine walipoona mwenye chemchemi amehama, nani angebaki? Siku chache baadaye nyumba za Kwemkuyu zilibomolewa ili mtu asirudi nyuma, na eneo lote likapigwa marufuku.

Nitakutendea haki. Shule ilikuja. Zahanati ilikuja nusu, kuta bila dawa. Pampu nayo ilikuja, mafundi wakachimba, wakamwaga zege, wakasimamisha chuma chenye mpini uliopakwa rangi ya kijani. Ilitoa maji ya tope kwa juma moja, ikakohoa, ikanyamaza. Mafundi walikwisha kuondoka na taarifa yao kwamba kazi imekamilika. Watoto wakageuza mpini kuwa bembea, na sisi tukaanza kwenda kuchimba mashimo kwenye mchanga wa mto mkavu. Mtu alikuwa anaondoka alfajiri, anarudi jua limepanda, na ndoo moja ya maji yanayonuka. Chemchemi tuliijua iliko, lakini kwa miguu ni nusu siku, na mgambo alikuwa amewekwa njiani kuturudisha.

Ulikuja likizo ya Bunge, ukatukuta darasani, kwenye baraza la ghala la kijiji. Wanafunzi wangu walikuwa wanawake watupu, wengi wao bibi zangu kwa umri. Ukakaa nao chini. Ukawaeleza mambo ya bungeni kwa lugha nyepesi, wakakusikiliza kama wanasikiliza habari za harusi. Ulisema swali la kwanza hupelekwa mapema, kwa hiyo Waziri huja na jibu lake mfukoni, na jibu lenyewe unalijua: atasema pampu ipo, maana ndivyo alivyoandikiwa. Lakini mbunge ana haki ya kusimama tena na kuuliza swali la nyongeza. "Hilo ndilo linalouma," ulisema. "Niandikieni ninyi wenyewe, nami nitalisoma kama lilivyo."

Darasa lile halijapata kuwa na somo kama la siku ile. Kila mmoja alikuja ubaoni kuandika neno lake. Bibi Mwajuma, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, aliandika "maji" kwa herufi kubwa hadi wenzake wakamtania kwamba amelima heka nzima. Mama aliandika "wapi", akafuta, akaandika tena. Walitumia saa mbili. Lilipokamilika lilisomeka hivi: Pampu ipo lakini haina maji. Maji yako wapi? Kama hayapo, tunaomba ruhusa turudi Kwemkuyu. Nililinakili kwenye karatasi, wakatia majina yao chini, kila mmoja kwa mkono wake, wewe ukalikunja na kulitia katika mfuko wa koti. Ilikuwa mara yao ya kwanza kumwandikia mtu yeyote jambo lolote.

Siku ya swali letu tuliijua kwa barua yako. Jioni ile baada ya kutoka shamba la ujamaa hakuna aliyekwenda kupika. Tulikusanyika kwenye duka la kijiji lenye redio, wanawake wamekuja na madaftari yao kana kwamba nao wataitwa kusoma. Mtangazaji akataja swali lako. Akasoma jibu la Waziri, kwamba kijiji kilichotajwa kimekwisha kupatiwa pampu na wananchi wanaitumia. Mama alinishika mkono. Tulijua sasa unasimama. Mtangazaji akasema Mheshimiwa Mbunge alisimama, akamshukuru Waziri kwa majibu yake mazuri. Kisha akaendelea na habari za mbolea ya mikoa mingine.

Tulidhani redio imefupisha. Mimi nilikutetea, mjomba. Nilisimama mbele ya wanawake wale nikaeleza kwamba habari za bungeni ni ndefu, haziwezi kutangazwa zote. Mwezi uliofuata tulikwenda ofisi ya wilaya, mimi, mama na mwenyekiti wa kijiji, kuomba kibali cha kurudi Kwemkuyu. Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alitufungulia taarifa ya Bunge iliyopigwa chapa, akatuonyesha kwa kidole. Kijiji chenu kina maji, alisema, Waziri amesema hivyo na mbunge wenu ameshukuru. Nilisoma mwenyewe kwa macho uliyonisomesha wewe. Chini ya shukrani yako hapakuwa na kitu. Tangu siku hiyo kila aliyekwenda kuomba maji alionyeshwa ukurasa ule ule, na mafundi hawakurudi, kwa sababu mtu hatibiwi ugonjwa ambao mbunge wake amekwisha kuandikisha kwamba amepona.

Ulipokuja baada ya kikao, mama hakukuamkia. Alikukaribisha kiti, akaingia ndani, akatoka na bilauri yake nzuri ya wageni, ameijaza maji ya shimoni bila kuyachuja. Uliishika, ukaitazama, ukaiweka chini. Mama akasema taratibu, "Kunywa, kaka. Si umeshashukuru?"

Hukunywa. Ulinivuta pembeni ukaniambia mambo ya wakubwa, kwamba chama ni kimoja, kwamba mtu hamvui nguo mwenzake hadharani, kwamba ulikuwa umeongea na Waziri faraghani naye amekuahidi. Uliniomba nimweleze mama. Sikumweleza, kwa sababu sikuamini, na kwa sababu kabla ya mvua za vuli uliteuliwa katika bodi ya shirika moja la umma huko Tanga, ukapewa na gari. Labda hayo mawili hayana uhusiano. Nimejaribu miaka yote kuamini hivyo, nimeshindwa.

Woga ningeuelewa. Nami ni mwoga, namwogopa hata nyoka aliyekufa. Kinachonichoma ni kwamba mgeni asingeweza kututoa Kwemkuyu. Tulitolewa na neno la mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na sisi nguo yenyewe ndiyo tuliyokuwa tunajisifia. Ulitusaliti, mjomba. Sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Darasa langu nalo lilikufa kidogo kidogo. Nilipomfuata Bibi Mwajuma kumwuliza kwa nini haji, aliniambia, "Mwalimu, kuandika tumeandika. Kasoma nani?" 

Mama alifariki miaka minne baadaye. Aliomba azikwe Kwemkuyu, karibu na bibi, karibu na chemchemi yake. Tulipeleka ombi wilayani, tukajibiwa kwamba eneo lile limekwisha kufutwa na hairuhusiwi kurudi, hata maiti. Nilikuletea habari hiyo Tanga. Ulisema utaona la kufanya. Maiti hangoji, tukamzika kijijini, kwenye udongo mgumu uliovunja majembe mawili.

Basi fikiria nilivyokuwa mwezi uliopita wosia wako uliposomwa, umeandika kwamba uzikwe Kwemkuyu kando ya mama yako. Kibali kilitoka kwa siku moja, na lori la serikali likatolewa. Wazee wa ukoo waliniuliza kama nina neno, kwa kuwa mimi ndiye mpwa wako mkubwa. Nilikuwa nalo neno kubwa. Nikasema azikwe alipotaka, maana kumnyima mtu pa kulala hakunirudishii mama yangu.

Tulikwenda nawe nyuma ya lori, wanawake wote wa darasa walio hai, na mwili wako katikati. Wanaume walikuosha kwa maji ya chemchemi. Imejaa majani, lakini bado inatoka, baridi vile vile. Shehe alituomba radhi kwa niaba yako, tukaitikia tumekusamehe, kama inavyotakiwa. Wanaume walipokwenda kukuswalia na kukuzika, sisi tulibaki pale majini. Hakuna aliyetoa shauri. Bibi Mwajuma, ambaye sasa haoni vizuri, ndiye aliyeanza kujaza sufuria lake. Tukafuata kwa vyombo vyote tulivyokuja navyo msibani, ndoo, madebe, mitungi, hata birika la kuoshea maiti. Dereva alitutazama, akafungua mlango wa nyuma wa lori.

Lori lililokupeleka wewe ndilo lililorudi na maji kijijini. Watu walitoka majumbani na vyombo, watoto wakapanga mstari, na kila nyumba ilipata. Yalitutosha siku mbili. Ndiyo maji pekee uliyopata kutuletea.

Lala salama huko ulikorudi. Sisi tungali huku ulikotuleta.

Mimi,
mpwa wako uliyemsomesha.