Sufuria Moja kwa Arusi ya Neema

Kwa Papa yangu mupenzi,

Pokea salamu yangu kwa mikono miwili, vile ulitufundisha. Umeamka namna gani? Lile goti la kushoto limekubali baridi ya asubuhi ao lingali linakusumbua? Na Mama, kikohozi kimeisha? Na ng'ombe wetu wawili waliobaki kule Masisi, mulipata habari yao? Mimi niko muzima. Ninakula, ninalala, nimenenepa hata suruali uliyoninunulia siku ya kuondoka haifungi tena. Usicheke.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu unanikatia maneno. Unasema "réseau ni mubaya", na mimi ninasikia vizuri hata kuku wa jirani. Karatasi hutaweza kuikata. Nimemupa mama mumoja wa kanisa letu anayerudi Goma, na nimemuomba asiondoke hapo mpaka uisome yote mbele yake. Kwa hiyo mukaribishe, Mama amupe chai.

Neema alinipigia siku ya Mungu kisha misa. Papa, dada yangu alilia mpaka nikaketi chini. "Yaya," akaniita mimi mukubwa wake, "Papa amesema hema mbili." Nikafikiri ni mvua, watu ni wengi. Kumbe hapana! Watu wetu wa Masisi na hema yao na jiko lao, watu wa Pascal, muchumba wake, wa upande wa Bukavu na hema yao na jiko lao, na katikati kamba. Kamba, Papa! Kama ya kufungia ndama! Na wao wamejibu kwamba kama ni hema mbili, hakuna ndoa. Arusi imebaki mwezi mumoja na nusu, na Neema ananiuliza kama hata gato, ile keki ya arusi, itakatwa mara mbili, ao haitakatwa kabisa.

Sababu ninaijua. Ile siku walipokuja kujitambulisha, muzee Gaspard, kaka mukubwa wa baba yake Pascal, alipewa maziwa yetu ya kuganda, akasukuma kikombe na kusema yananuka. Mimi pia ningekasirika. Lakini na wewe, ulipoenda kwao pale mutaani Murara na kuwekewa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, si ulisema huwezi kula kitu kinachokuangalia? Mama aliniambia. Basi nyote wawili mumefungana bao moja kwa moja, mechi iishe.

Sasa acha nikuambie habari ya kazi yangu. Usiruke mistari, utaona inaelekea wapi.

Unajua huku Amerika ninapika katika nyumba ya askari wazee, wale waliotumikia jeshi la hapa na sasa hawana mutu wa kuwaangalia. Siku moja ya wiki yangu ya kwanza ilikuwa supu ya maharagi. Nikaichanganya, nikaonja, nikaona ni nzuri. Pale kwenye dirisha la kutolea chakula alisimama muzee mumoja mweusi, mukubwa kuliko wote, anaitwa Muzee Clifton. Amepita miaka makumi tisa. Nikafanya vile kwetu kila mupishi angefanya mbele ya mukubwa: nikamunyoshea mwiko ule ule nikamuambia, "Papa, onja kwanza." Akaonja. Nikarudisha mwiko ndani ya sufuria.

Aï, Papa! Chef wangu alipiga kelele kama nimetia sumu. Kumbe huku mwiko ukigusa kinywa haurudi tena kwenye sufuria, ni sheria ya usafi. Akachukua supu ya watu makumi nane akaimwaga yote. Maharagi yaliyoiva vizuri, Papa, yakaenda na maji. Nikasema moyoni, Bahati, kazi yako imekwisha, anza kufunga valizi.

Lakini Muzee Clifton alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka infirmière, muuguzi wao, akamuletea kiti. Akamuambia chef, "Usimufukuze huyu. Miaka mingi nilingoja kuona tena mutu akifanya hivyo." Kisha akanitazama akasema, "Na zaidi ya yote, chumvi bado."

Chumvi bado! Nikaanza kucheka na mimi, machozi yakatoka. Nani mwingine anasema hivyo? Nani kila siku ya Mungu anaingia jikoni kwa Mama bila kuitwa, anafunua sufuria, anaonja, na kusema "chumvi bado", mpaka Mama anamufukuza na kitambaa? Nilikuona wewe mwenyewe, Papa, na kofia yako, huku mbali.

Kesho yake nikamupelekea kahawa, akanieleza. Alipokuwa kijana alikuwa mupishi jeshini, katika kambi moja ya kusini mwa Amerika. Wakati ule askari weusi walilala peke yao, walikula peke yao, hata kupigana walipigana peke yao. Kambi ilikuwa na majiko mawili, moja la wazungu na moja la weusi, na barabara katikati. Wengi walikuwa wametoka kwenye vita kubwa ya dunia na medali kifuani, lakini wakirudi nyumbani kwa bus waliketi nyuma, na wengine walipigwa wakiwa bado na nguo ya jeshi. Prezida wa wakati ule alisikia hayo, akashituka. Akaita watu wa kamati wachunguze haki za raia wote, wakaandika rapport kubwa. Wabunge wengi hawakutaka kuisikia. Basi kwa kuwa yeye ndiye mukubwa wa jeshi, akaweka saini yake mwenyewe: jeshini kila mutu awe sawa, rangi isiulizwe.

"Siku hiyo mulicheza?" nikamuuliza.

"Tulicheza," akasema, "kisha tukaenda kula kwenye jiko letu lile lile." Kwa maana mukubwa wa kambi alisema karatasi ni ya kule juu, na hapa ni hapa. Ukapita mwaka, ukapita mwingine. Mwishoe agizo likaja tena, kwa sauti nyingine: jiko moja lifungwe. Wakafunga la weusi, na wapishi weusi wakavukishwa barabara na vyombo vyao.

Mukubwa wa jiko la wazungu aliitwa Dale, mutu wa milimani kama sisi, kichwa kigumu kama mawe ya volcan yetu. Alimupa Clifton kazi ya kumenya viazi tu. Na miiko ya kuonja akaitundika kwenye misumari miwili, wa Clifton akaufunga uzi mwekundu ili usichanganyike. Wakaishi hivyo miezi. Hakuna matusi, hakuna "jambo", hakuna kitu.

Kisha siku moja Dale akashikwa na homa ya mafua. Pua imeziba, hasikii harufu, hasikii ladha, na kuna général anayekuja kula! Akaonja maharagi mara tatu, jasho linamutoka, hajui ni matamu ao ni mabaya. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akachukua mwiko wake mwenyewe akamunyoshea Clifton bila kumuangalia usoni. Clifton akaonja, akasema, "Chumvi bado." Dale akatia chumvi, akachota tena na mwiko ule ule, na kwa haraka zake akaupeleka kinywani mwake mwenyewe. Mutu mumoja akaangusha kisu. Dale akabaki na mwiko kinywani, masikio mekundu. Akaumeza huo mchuzi. Akasema, "Mimi sisikii kitu. Onja tena wewe."

Basi, Papa. Hakuna mutu aliyelia, hakuna waliokumbatiana. Général akala akaomba sahani ya pili. Lakini tangu siku hiyo musumari mumoja ukabaki bila mwiko, na wale wawili walionjeshana sufuria miaka minne, wakigombana juu ya chumvi kila siku aliyoumba Mungu. Dale alikuja hata kwenye arusi ya Clifton, na alikuja kupika.

Nikamuuliza, "Muzee, basi ni prezida aliyewaunganisha, ao ni mafua?" Alinitazama kama mutoto asiyejua kuhesabu. "Bila ile saini," akasema, "mafua ya Dale yangenikuta wapi? Ningekuwa ng'ambo ya barabara. Saini ilituweka kwenye chumba kimoja. Mengine yalibaki kazi yetu."

Papa, ndiyo nilitaka kukuambia. Kwa nyumba yetu prezida ni wewe. Hakuna mwingine wa kuweka saini. Mimi siwezi, Mama atasema "muulize baba yako", na Neema ndiye huyo analia. Sikuombi umupende muzee Gaspard. Sikuombi hata usahau kile kikombe. Ninaomba tu hiyo kamba uirudishe kwa ndama, na useme mbele ya watu: hema moja, jiko moja. Ukisema leo, Pascal ataoa. Usiposema, dada yangu atabaki na robe yake ya arusi kwenye karton, na mimi ninakujua, utakuwa wa kwanza kuumia, utazungukazunguka uwanja ukijifanya unatafuta fimbo.

Sasa shika kiti vizuri. Chef wangu, yule yule wa kelele, amenipa congé, likizo ya wiki tatu. Tiketi niko nayo. Ninateremkia Kigali, ninavuka barrière ya mupaka kwa miguu, na ninakuja kupika arusi ya dada yangu! Nimeimba jikoni tangu juzi, wazee wananiambia ninyamaze. Nitapika nyama ya Masisi na sambaza kwa pamoja, viazi vya Kibumba viwe vingi, na maziwa ya kuganda yatapita meza zote. Kabla ya watu kula, nitachota mchuzi, nitakupa mwiko wewe kwanza, kisha wewe mwenyewe utamupa muzee Gaspard. Mwiko ule ule. Chef wangu hatakuwa pale kuumwaga.

Muzee Clifton anasema nimuletee jibu, mulisema nini kisha kuonja. Anasema atangoja, lakini nisichelewe, miaka yake si ya kungojangoja.

Nisalimie Mama sana, mwambie nguo yake ya arusi niko nayo. Nisalimie shangazi muuza viazi, aanze kuniwekea vile vikubwa. Nisalimie jirani mwenye kuku. Pascal mwambieni asilale na mawazo. Neema mumubusu kwenye macho yote mawili, na umusomee wewe mwenyewe mistari ile ya hema moja, kwa sauti yako, ili asikie imetoka kwako.

Mungu akulinde na goti lako.

Mutoto wako wa kwanza anayerudi jikoni kwa mama yake,

Bahati

Chumvi musinunue. Ninaileta mimi.