Bi Zuhura Alipoingia Bila Hodi

Mpendwa Koku,

Masomo ya Dodoma yanaendaje? Sisi huku mtaani kwetu Bakoba hatujambo. Babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza niliuzoeaje mji wa Bukoba. Nilikuja kutoka kijijini Rubya nikiwa bibi harusi. Wakati huo Waislamu na sisi Wakatoliki tulisalimiana barabarani tu, hatukuingiliana majumbani. Leo kila sikukuu sahani za pilau zinavuka ua.

Siku moja miaka ile uchungu wa kuzaa ulinishika nikiwa peke yangu. Jirani yetu Mwislamu, Bi Zuhura, alinisikia akaingia bila hodi.

“Nishike mkono, mwanangu.”

Mama yako akazaliwa mikononi mwake.

Padri alimbatiza kwa jina la Maria, lakini mtaa mzima ulimwita Zuhura Mdogo, na mpaka leo akiitwa hivyo sokoni anaitika.

Nakukumbuka sana,
Bibi yako