Jiwe la Upande wa Wanawake

Dada yangu Atieno,

Umeamkaje huko Suna, na lile goti bado linakusumbua? Naandika kwa Kiswahili ili Boke, mkaza mwanao, akusomee bila kutafuta mtu wa kumfafanulia Kijaluo chetu. Boke, mwanangu, soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Hapa Kanada theluji imeanza. Moyo wangu umechoka. Nikipanda ngazi huketi katikati, kama mzigo ulioachwa na mchukuzi, na miguu imevimba hata viatu vinanikataa.

Ile picha uliyoiona kwenye simu niliichora katika nyumba hii ya wazee. Mwalimu wa rangi alitaka kila mtu achore mahali anapopapenda, nami nikachora ufuo wetu wa ziwa kule Mfangano jua linapozama: maji yamekuwa mekundu, akina mama wanakunja nyavu za kuanikia dagaa wa omena kabla ya umande, mitumbwi inatoka na taa ambazo hazijawashwa. Mwalimu akasema jua langu ni kubwa mno. Nikamwambia hajafika kwetu.

Wewe ndiwe uliyeona kosa. Ulinipigia ukicheka: "Omera, kaka yangu, jiwe la kuogea umeliweka upande wa wanaume. Sasa sisi tuoge wapi? Mzee mzima, hata aibu huna." Tulicheka mpaka nikakohoa. Kisha ukasema, "Basi njoo uliangalie mwenyewe." Nikanyamaza, ukadhani simu imekatika.

Haikukatika, nyamera, dada yangu. Sitakuja. Daktari alimwambia mwanangu Ouma, na Ouma akaniambia mimi, kwamba moyo huu hautavuka baridi hii.

Na nikifa, msinilete nyumbani. Nasikia Owino, mtoto wa marehemu kaka yetu, aliyeambiwa na Ouma, ameanza kuzungumza na wazee kuhusu mchango wa kunisafirisha. Mwambie aache. Siogopi gharama. Mama Ouma, mke wangu, amelala kaburini hapa miaka yote hii, kati ya watu wasioweza hata kutamka jina la kijiji chake. Nilipokuwa nachora maji yale nilitamani kurudi, nilitamani sana. Lakini kila nilipojiwazia nimelala kwetu, na yeye amebaki huku, mkono ulikataa brashi. Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia.

Zikeni tunda la mti wa yago badala ya mwili wangu, kando ya mama, kama tulivyomfanyia baba mdogo ziwa lilipokataa kumrudisha. Najua utasema, "Yago ni la mtu aliyepotea. Wewe umepotea?" Wazee nao watasema hivyo. Waambie nimeomba mwenyewe, nikiwa na akili zangu, na kwamba wewe umeridhia. Bila neno lako hawatasikia, maana ndiwe pekee uliyebaki wa tumbo la mama.

Picha yenyewe naituma pamoja na barua hii. Jiwe nimelirudisha upande wenu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie aache kubishana na redio. Msalimie Owino, ambaye sasa ndiye mwenye boma, na watoto wa Boke ambao sijawaona.

Ukikubali, nipigie. Ukikataa, nipigie vilevile, hata unitukane. Nisiende tukiwa tumenuniana.

Kaka yako,
Omolo