Kimya Nilichomsikilizia Atieno

Jumatatu alasiri, nyumbani kwetu Suna. Jua limekaa juu ya mabati tangu asubuhi na halitaki kushuka. Hakuna upepo. Kutoka barazani nasikia wembe wa dada yangu ukikata nyuzi, mmoja baada ya mwingine. Analifumua gauni lake la bluu.

Nitaandika haraka hapa kwenye simu, wakati bado yuko kwenye pindo la chini.

Atieno ni dada yangu mkubwa. Ana miaka ishirini na sita, ni fundi wa nguo, na nusu ya watoto wa mtaa huu wanavaa sare alizoshona yeye kwa cherehani ya mkono. Miguu yake iliacha kumtii alipokuwa na miaka tisa, baada ya homa ambayo hadi leo hatujui ilikuwa homa gani. Ana kiti cha magurudumu anachokiita Probox, kama yale magari ya mizigo. Anasema kinabeba kila kitu na hakichagui barabara.

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne mwaka jana. Naweza kuandika insha ya kurasa tano bila kuinua kichwa, lakini siwezi kumpigia simu mtu nisiyemjua. Watu hudhani natania. Simu ikianza kulia upande wa pili, naikata kabla hawajapokea.

Kila kitu kilichotokea jana kilitoka hapo.

Kabla ya ile homa, Mama alikuwa akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, na Atieno aliishi naye huko, kwenye chumba cha mabati kilichobanana na vingine. Anasema Remba haikunyamaza hata dakika moja: redio, jenereta, watu wakigombana kwa Dholuo na Kiswahili na lugha ambazo hakuzijua. Siku moja wakirudi nchi kavu, mashine ya boti ilizimika katikati ya ziwa. Watu wazima waliogopa, wakaanza kuomba. Yeye alikuwa na miaka saba, na ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kimya.

"Kilikuwa kikubwa kuliko maji," huwa anasema.

Hajakisikia tena. Barazani petu kuna posho mill ya kusaga mahindi upande mmoja na kinyozi mwenye spika upande wa pili.

Ndiyo maana tangazo lile lilipofika kwenye simu yangu nilimkimbilia. Safari ya kutalii ziwani kutoka Homa Bay, kwa watu wenye ulemavu na familia zao. Boti ya matembezi, yenye viti na paa. Kutakuwa na ubao mpana wa mteremko wa kuingizia viti vya magurudumu. Na mwisho kabisa: tukifika katikati ya ziwa, injini itazimwa ili wageni wafurahie utulivu.

Atieno alisoma mstari huo mara mbili. Kisha akanirudishia simu na kuuliza kitambaa cha bluu kiko wapi.

Tatizo lilikuwa siku. Safari ilikuwa Jumamosi, na sisi ni Waadventista. Mama hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema Sabato ni Sabato. "Ziwa halihami. Jumapili litakuwa pale pale."

Boti ilikuwa inatoka Jumapili pia, kwa watu wote. Kwa hiyo Atieno akachukua karatasi ya kukatia nguo, akaandika maswali matatu kwa chaki yake ya fundi. Je, Jumapili ule ubao mpana utakuwepo? Je, mlango wa choo unapitisha kiti? Je, kuna mtu wa kumwambia mapema kwamba tunakuja?

"Piga wewe, Akoth," akaniambia. "Wewe ndiye msomi. Utaenda chuoni ukinong'ona hivyo hivyo?"

Nilikwenda na karatasi nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Nilipiga mara mbili. Mara mbili nikakata kabla hawajajibu. Kisha nikaandika ujumbe: Naomba nafasi tatu Jumapili. Maswali sikuyaandika, nikiogopa kwamba watanipigia kuyajibu.

Wakajibu: Sawa. Karibuni sana.

Nilimwambia Atieno, "Wamesema karibuni sana."

Halikuwa neno la uongo. Nilijua nilichokuwa nikifanya.

Jana jirani yetu Mzee Owuor alitupeleka Homa Bay kwa gari lake, Probox ikiwa imekunjwa nyuma. Atieno alivaa gauni jipya, la bluu, lenye ukanda mweupe kwenye mikono na kwenye pindo. Njia nzima alikuwa akimtania Mama kwamba ataogopa maji, yeye mzee wa Remba. Mama alikuwa anacheka. Nataka kukumbuka kwamba tulikuwa tunacheka.

Gatini tukaona boti. Ilikuwa nzuri, nyeupe, yenye mapazia. Kutoka gatini kuingia ndani kulikuwa na ubao mwembamba wa mguu mmoja mmoja, kisha ngazi nne za kushuka.

Nilitazama ule ubao, kisha magurudumu ya Probox.

Kijana wa boti, aliyevaa fulana ya rangi ya machungwa, alikuja akitabasamu. Alimwangalia Mama, si Atieno.

"Mathe, huyu mgonjwa mnakuja naye?"

"Mgonjwa yuko wapi?" Atieno akamjibu. "Mimi naona wewe tu, na macho yako mekundu."

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Yule kijana naye akacheka, akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mbaya.

"Pole, siz. Ile boti ya ubao mpana ilikuwa jana. Ubao wenyewe uko stoo. Mwenye funguo ameenda Mbita. Lakini hakuna shida, wewe tunakubeba tu. Kiti kinabaki hapa."

"Ninyi hamkuambiwa kwamba tunakuja na kiti?" Mama akauliza.

"Na nani? Tuliandikiwa watu watatu Jumapili, basi."

Mama akageuka kuniangalia. Nilifungua mdomo, na kama kawaida yangu, hakuna kilichotoka.

Atieno ndiye aliyesema.

"Ni mimi, Mama. Nilisahau kumwambia Akoth aulize."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Alikuwa anainyoosha sketi ya gauni lake juu ya magoti, kama mtu anayepima kitambaa.

Mama alimwamini. Akapiga ulimi, kisha akaanza kumbembeleza. Si angekubali tu kubebwa, mara moja, dakika moja? Kule Remba kila abiria hubebwa. Maji ya ufukweni ni ya kiunoni, kwa hiyo vijana wanakuweka mabegani wanakupeleka mpaka kwenye boti. "Mimi nimebebwa nikiwa na mimba yako. Hata pasta alibebwa, na viatu vyake mkononi. Kuna aibu gani, nyathina, mwanangu?"

"Kule kila mtu anabebwa," Atieno akasema. "Hapa ni mimi peke yangu."

Mama akaacha kubembeleza.

Nyuma yetu kulikuwa na kikundi kimevaa fulana za kufanana, wamekuja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Mama mmoja alisema kwa sauti ya huruma, "Mungu amsaidie." Msichana wa rika langu alikuwa ameinua simu, anarekodi. Alikuwa anangoja Atieno abebwe.

Atieno akarudisha kiti nyuma kwa mikono yake mwenyewe, akakigeuza.

Nilidhani tutarudi nyumbani wote. Mama alisema wazi kwamba haendi popote. Lakini Atieno akanishika mkono na kunivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Nenda wewe. Wakizima injini, unisikilizie. Halafu uje uniambie kama ni kama zamani."

Hakusema lolote kuhusu simu. Angenitukana, ningepata mahali pa kusimama.

Nikapanda. Nilipita juu ya ule ubao mwembamba kwa miguu yangu miwili mizima, na ilinichukua sekunde nne. Nilihesabu.

Nilikaa dirishani peke yangu, viti viwili vitupu kando yangu. Boti ilipotoka nilimwona Atieno gatini, gauni la bluu, Mama akimshikia mwavuli. Alipunga mkono. Alipunga kwa muda mrefu, kama mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni.

Tulikwenda hadi vilima vya upande wa pili vikawa kama moshi. Kikundi cha sherehe kilikuwa kimeweka muziki, kisha nahodha akaomba uzimwe. Akazima na injini.

Sijui niandike vipi.

Mwanzoni nilidhani masikio yangu yameziba. Kisha nikasikia maji yakigonga ubavu wa boti, polepole, kama mtu anayebisha mlango akijua wenyewe wamelala. Ndege mmoja alilia mbali sana na sauti yake ikafika yote. Hata wale wa fulana walinyamaza. Kilikuwa kikubwa kuliko maji. Kilikuwa hivyo hasa, neno kwa neno, na nilielewa kwamba mtoto wa miaka saba alikuwa amelieleza jambo hilo vizuri kuliko mimi nitakavyowahi kulieleza.

Nikakaa ndani ya kitu chake nikalia. Nilikuwa nimekichukua kwa sababu ya kuogopa swali moja.

Tuliporudi, Atieno alikuwa anakula samaki wa kukaanga, mafuta kidoleni, anamwambia Mama jambo la kuchekesha. Alipoona uso wangu akaacha kutafuna.

"Walizima?"

Hapa ndipo ninapojichukia zaidi ya kule kwenye ubao.

"Hapana," nikasema. "Muziki ulipigwa mwanzo hadi mwisho. Kelele tupu."

Nilidhani nampa zawadi. Nilidhani kama hakukuwa na kitu, basi hakukosa kitu. Kwa kweli alitulia. "Afadhali," akasema, akanimegea samaki. Nikamla.

Leo mchana nimemkuta barazani na lile gauni mapajani na wembe mkononi. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema kitambaa ni kizuri, kitatoa sare mbili za watoto na pengine kola.

"Mwaka huu nilikuwa nataka tujaribu tena," akasema, bila hasira yoyote, "lakini kama hata hawazimi injini, ya nini? Ile boti ya Remba iliharibika tu. Labda ni mimi niliyeifanya kuwa kubwa kichwani."

Aliishi na kile kimya karibu miaka ishirini. Mimi nimemfanya akitilie shaka kwa sentensi moja.

Nikaenda nyuma ya nyumba, penye tangi. Karatasi ya maswali matatu ilikuwa bado mfukoni mwangu, chaki imeanza kufutika. Nikapiga. Ikalia. Sikukata. Mwanamke akapokea, nikamsomea maswali yote matatu kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka kama ya mwizi aliyekamatwa, na nadhani nilimwita "mwalimu" mara moja.

Alikuwa mpole. Akasema mlango wa choo unapitisha kiti, maana walishaupanua. Akasema ndiyo, kuna mtu wa kuambiwa mapema, na mtu huyo ni yeye.

"Na ubao, Jumapili?"

"Tunautoa siku yoyote, mrembo. Mngetuambia tu."

Mngetuambia tu.

Mama alisema kweli, ziwa halikuhama. Nilimshukuru yule mwanamke nikakaa chini, mgongo kwenye tangi, mpaka simu ikawa ya moto mkononi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni ukweli upi nianze nao. Kwamba sikupiga simu, hilo analijua. Alilijua gatini akalibeba yeye, mbele ya Mama, yeye ambaye alikuwa ametoka kukataa kubebwa. Mama ndiye hajui, na Mama lazima aambiwe, kwa sababu tangu jana anamwambia kila jirani kwamba Atieno siku hizi amekuwa msahaulifu.

Lakini la injini Atieno hajui. Nikimwambia, nitampa kimya chake na wakati huo huo nitamwonyesha alichokosa. Atajua kwamba kilikuwepo, kwamba alikuwa gatini na mwavuli wakati mimi nimekaa ndani yake, na kwamba ubao ulikuwa stoo ukingoja mtu mmoja afungue mdomo. Huenda akanichukia. Ana haki. Huenda asiniombe kitu tena, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayeniomba nizungumze.

Wembe umenyamaza. Nimeinua kichwa kuchungulia dirishani. Amemaliza pindo na ameweka ule ukanda mweupe kando, umekunjwa vizuri. Sasa amegeuza gauni na ameshika mkono wa kushoto, anatafuta mshono kwa kidole.

Mama yupo pia, ameketi kwenye kigoda kando yake, anachambua omena. Kwa hiyo wote wawili watasikia.

Nimeamua kuanza na maneno haya, na nimeyasema polepole mara tatu hapa kitandani ili yasinikwame: Walizima, Atieno. Kilikuwa kama ulivyosema.

Naweka simu chini niende barazani. Mkono wa gauni bado haujakatwa.