Kati ya Miwani na Hedifoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekupunguzia maudhi. Nisalimie wote hapo nyumbani, hata shangazi anayeniita dereva wa hewani. Mimi sina homa wala kikohozi. Roho ndiyo haijatulia, na nitakueleza kwa nini.

Unajua ndege ninayorusha ni ndogo. Chumba changu hakizidi kabati la nguo, na mbele na ubavuni ni vioo vitupu. Jioni narudi nikitazamana na jua uso kwa uso, na bila miwani ya jua sioni kitu. Lakini hedifoni, ile ninayovaa kichwani ili nisikilizane na watu wa mnara wanaotuongoza, inatakiwa ikumbatie sikio barabara. Ukivaa miwani, vikono vyake vinaiinua, sponji inaacha mwanya, na kelele za injini zinaingia bila hodi. Ukivua miwani, jua linakupofusha. Ikawa kila jioni nachagua, macho au masikio.

Kazini kila mtu akawa mganga wangu. Fundi wa redio aliweka sponji nene, ikanibana hadi nikatua na kichwa kinagonga. Fundi wa injini alinipa kofia ya sufu niivae chini ya hedifoni. Nikaloa jasho, wenzangu wakaniuliza kama nahamia kwenye barafu. Bosi, ambaye hupenda dawa za bure, alibandika kipande cha boksi juu ya kioo. Jua likashuka chini ya boksi, likanikuta palepale. Nikanunua miwani ya vikono vyembamba kama waya, na bado sauti ya mnara ilikuwa mnong'ono. Nilicheka pamoja nao, mama, lakini hofu ilikuwa imeshaniingia.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi, jua limekaa mwisho kabisa wa njia ya kutua. Nikavua miwani nipate kusikia. Kwetu, mnara ukikupa agizo lazima ulirudie, wajue umelipata. Maagizo yale huja kwa mpangilio uleule siku zote, hata ulimi unayajua wenyewe. Nikasikia mvumo tu, nikarudia nilichozoea, kwamba nimeruhusiwa kutua. Kumbe walikuwa wamenikataza, trekta la kukata majani lilikuwa limezimika katikati ya njia. Wakanikataza tena na tena, nami nashuka tu. Nililiona nikiwa karibu mno, dereva wake ameshashuka anakimbia. Nikavuta usukani kwa nguvu zangu zote, nikapita juu yake. Hakuna aliyeumia. Baadaye yule dereva alinifuata ofisini. Hakunitukana, aliniuliza tu kama kweli sikuwa nimesikia.

Bosi alilaumu hedifoni, akaagiza nyingine mpya. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani awe amesema kweli. Ila kabla ya kurudi angani ilibidi nipite kwa daktari wa marubani. Aliniketisha ndani ya kijichumba kimya, bila miwani, bila injini, akaniambia ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Nikanyoosha mara mbili tatu, kisha nikakaa nikimsubiri aendelee. Akafungua mlango, akaniambia tumeshamaliza.

Sikio la kushoto limekufa, mama, na la kulia linalifuata. Anasema ni kelele za miaka yote hii, na hakuna dawa. Cheti cha kuruka hawezi kunipa. Nilimbembeleza, mtu mzima mimi, hadi nikaona haya. Alinishika bega, akarudia maneno yaleyale polepole, nami nikamtazama midomo.

Juzi rubani mwenzangu alinipandisha ndegeni kiti cha abiria, nikachukue vitu vyangu kituo chetu cha pili. Nilivaa miwani yangu, hedifoni sikuigusa. Jua halikunisumbua hata kidogo, wala hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Sijui nitafanya kazi gani. Naamka asubuhi, navaa, halafu nakaa kitandani.

Kuna jambo moja zaidi. Miezi hii yote ukinipigia simu nimekuwa nikikuitikia ndiyo mama, sawa mama, kwa kukisia. Mara ya mwisho nadhani ulikuwa unalia, nami nikakujibu kwamba ni vizuri.

Tafadhali niandikie uliniambia nini.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wako