Shairi la Kumkataa Bwana Shabani

Jumatano, 4 Rajabu 1330

Najichukia leo! Baba kaniita dukani mbele ya Shangazi Mwajabu, akauliza taratibu kabisa: Zuleha, Bwana Shabani wa Kituntu ameleta posa, wasemaje? Nami — kimya. Macho chini, nachezea pindo la kanga. Shangazi kapiga vigelegele hata wachukuzi wa kahawa wakageuka. "Bikira akinyamaza amekubali! Ndiyo sheria, kaka!"

Sikukubali. Niliona haya tu.

Bwana Shabani ana wake wawili. Mdogo ni Mwanahalima, niliyesoma naye chuo cha Kurani. Hati yake ilikuwa nzuri kunishinda. Mwezi uliopita alipita hapa, nikampa kalamu aandike jina lake. Akacheka, akairudisha. Ameshasahau kuandika.

Alhamisi, 5 Rajabu

Kinywa kimeshindwa, basi karatasi. Mama humenya ndizi huku akiimba dhiki zake kwa Kinyambo, lugha ya kwao. Mimi kuimba mbele za watu siwezi. Nimeandika Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha Baba mwenyewe:

Baba, huyo simtaki, moyo wangu wakataa,
Ulimi haufunguki, mbele yako nazubaa.

Nimehesabu mizani kwa vidole. Nane, nane. Beti nne zimetoka, kifua kimekuwa chepesi. Kwenye karatasi mimi chui! Mbele ya Baba — kuku aliyelowa.

Nimeiweka ndani ya kofia yake.

Jumamosi, 7 Rajabu

Laiti ningeichoma! Baba ameisoma — na amefurahi! Amesifu vina. Eti hata pwani kwa babu, mwali mwenye adabu hulia kwanza, hamkimbilii mume kama mbuzi aonaye chumvi. Kawasomea wageni barazani, hata askari mmoja wa Mdachi, wa boma la Kijerumani, akiwemo. Wakatafuna buni za kahawa, wakatikisa vichwa: "Mashallah, Bwana Othman, binti anatunga!" Hakuna hata mmoja aliyesikia maneno yenyewe. Mizani tu! Kisha kampelekea Bwana Shabani shairi lenyewe.

Mama peke yake aliniuliza: ni kilio cha desturi, mwanangu, au cha kweli? Nikasema cha kweli. "Basi mwambie baba yako."

Kumwambia! Ningeweza kusema, ningeandika?

Jumanne, 10 Rajabu

Jibu limekuja, kwa vina vyangu mwenyewe:

Lia mwali, huchukiki, nyumba yangu yakufaa.

Mwizi! Nimemwandikia beti sita za matusi, nikazichana zote. Nikijibu, watasema tunabembelezana.

Ijumaa, 13 Rajabu

Wametoka kuswali. Wako nje ya pazia: Baba, mwalimu wa chuo, mashahidi wawili. Ndoa haifungwi mpaka niulizwe wakisikia. Shangazi yuko ubavuni pangu, ananifinya. "Nyamaza tu, mama, kunyamaza kunatosha." Naandika ili nisimtazame. Yeye hajui kusoma — anadhani natunga ubeti wa kuagia.

Mwalimu ameuliza mara ya kwanza. Nimechovya kalamu upya.

Mama amesimama mlangoni, ananitazama.

Mara ya pili. Shangazi keshavuta pumzi ya vigelegele.

Nimekohoa — kwa nguvu! Huko nje minong'ono imekatika. Sauti ya Baba: "Zuleha? Una neno?"

Naiweka kalamu. Sasa zamu ya kinywa.