Kumi na Tano kwa Kumi na Tano

Jumanne, 2 Juni 1998
Watoto watano leo hapa Msambweni. Chumba hakina hewa. Kazi ni ile ile inayofanya wazazi waniite mwalimu: nasoma maneno kumi na tano, mtoto anayarudia. Naonyesha picha, anazitaja. Baada ya nusu saa namwuliza maneno tena. Wote waliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani. Daktari, mgeni aliyeleta utafiti huu, anataka kujua kama maswali yetu yanawatambua kweli walioumia ubongo. Kwa hiyo baadhi watapelekwa Mombasa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo. Wenye alama duni kwanza. Orodha naiandika mimi.

Wa mwisho alikuwa Mwanamisi wa Ramisi, miaka kumi. Kumi na tano kwa kumi na tano. Nusu saa baadaye, yote tena, kwa mpangilio ule ule, akiyumbisha kiwiliwili kama yuko chuoni mbele ya Kurani. Nilifurahi mno.

Mamake akasema mtoto hutapika kila asubuhi na siku hizi hatembei sawa. Karatasi yangu haina nafasi ya hayo. Nikamwambia ampeleke zahanati. Alishampeleka, akapewa dawa ya minyoo.

Jumatano, 10 Juni
Safari ya Mombasa. Nafasi sita, watoto watano. Baba mmoja wa Mkongani amekataa dakika ya mwisho.

Mama Mwanamisi alifika tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Miaka kumi, mgongoni! Akaniomba nafasi ile. Nikamjibu kwamba safari hii ni ya wenye alama duni, na binti yake amewashinda wote. Nilijiona nasema la maana. Gari likaondoka na kiti kitupu.

Ijumaa, 12 Juni
Picha zimefika. Watatu kati ya watano ubongo wao ni safi. Daktari amechanganyikiwa. Nikamwambia wawili kati ya hao nyumbani husema Kiduruma, nasi twawauliza kwa Kiswahili. Akaandika. Miezi minne tunapima, ndiyo kwanza anaandika. Na mimi ndiyo kwanza nasema.

Alhamisi, 2 Julai
Safari ya pili. Zamu ya wenye alama za juu, ili picha zao zilinganishwe na za wale wa kwanza. Mwanamisi nilimweka juu kabisa. Tulimpeleka awe mfano wa ubongo mzima.

Ubongoni, upande wa kisogo, ana uvimbe mkubwa kama limau.

Daktari akanieleza kuwa mahali pale ndipo panapotawala mwendo. Kumbukumbu haikuguswa. Tungemwuliza maneno mia, angeyasema yote.

Jumatatu, 6 Julai
Nimekwenda Ramisi na barua ya hospitali ya Nairobi, pamoja na picha ya ubongo katika bahasha. Atapasuliwa tarehe ishirini. Mwanamisi amelala mkekani, hawezi kukaa. Mamake akaniambia mtoto ameshahifadhi juzuu nne. Tangu ana miaka mitano, kazi yake kila siku ni kusikiliza na kurudia. Maneno yangu kumi na tano yalikuwa mchezo kwake. Tulipima chuo, mtoto hatukumpima.

Jioni nilimwuliza Daktari kama zile wiki tatu tangu kiti kile kitupu zingebadili kitu. Hakunidanganya: alisema huenda zingebadili.



Jumatano, 15 Julai
Mwanamisi amefariki asubuhi. Wamemzika alasiri.

Daktari alisikitika kweli. Kisha akasema hakuna mtoto aliyetufunza zaidi yake, maana picha na kipimo vimepingana waziwazi, na sasa lazima maswali yaandikwe upya. Ni kweli. Nilitamani kumzaba kofi. Kiti kile si yeye aliyemnyima mtoto, ni mimi.

Jumapili, 19 Julai
Sikwenda kanisani. Nimekwenda Ramisi kuhani msiba. Nilitoka nyumbani nimeazimia kumweleza mama yule yote: orodha, nafasi ile, wiki tatu.

Akanikalisha karibu naye mkekani. Akaitoa ile picha kwenye bahasha, akawaonyesha wanawake waliokuwapo. Walikuwa wakisema mtoto ana pepo, na pepo katoka kwa mama. Sasa wanaona ulikuwa ugonjwa. Akanishika mkono.

“Ni wewe uliyempeleka, mwalimu. Wengine wote walinifukuza. Mwenyezi Mungu akulipe.”

Nikasema amina. Nikaletewa chai, nikainywa. Mvua ikaanza kunyunya, wakaanua mikeka ya nje.